Taa ya lumeni 10,000

Taa ile haikufifia. Ilizimika tu. Tulikuwa wanne, tunashuka kwa baiskeli kinjia cha migombani juu ya Ilboru, Arusha, mimi wa pili, na mbele yangu kulikuwa na korongo ninalolijua vizuri mchana. Nilikuwa nimeachia breki ili nipate kasi ya kupandia ng'ambo. Ghafla giza. Nakumbuka mshindo wa tairi la mbele, kisha majani ya mgomba usoni, kisha nimekaa kwenye tope, mguu mmoja umenasa kwenye fremu, na mwenzangu wa nyuma anapiga kelele, "Upo? Upo?"

Nilikuwepo. Kiwiko kimechunika, goti limevimba, na kifundo cha mkono kiliniuma wiki tatu. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba taa ile nilikuwa nimeinunua siku nne tu kabla yake, shilingi 35,000, na boksi lake lilikuwa na maandishi mekundu makubwa: lumeni 10,000, yaani wingi wa mwanga inaotoa. Mimi ni mhasibu. Kazi inayonilisha ni kutilia shaka namba za watu wengine, lakini hiyo niliimeza bila maji.

Watu huniuliza kwa nini tusiendeshe mchana kama binadamu wengine. Arusha tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na jua letu halina msimu wa kuchelewa. Januari au Julai, saa moja ya jioni limeshazama, na mwanga wa magharibi unaobaki haumalizi nusu saa. Ukitoka ofisini saa kumi na moja, ukapita foleni ya Sakina, ukabadili nguo na kupiga upepo tairi, tayari usiku. Jumamosi kuna harusi au msiba, Jumapili kuna kanisa. Kwa sisi wanne imebaki Jumatano usiku: tunapanda Ilboru, tunakata kushoto kwa njia za miguu kuelekea Ngaramtoni, tunarudi kwa lami. Saa mbili hivi, kidogo zaidi kama kuna pancha.

Baba yangu alikuwa na baiskeli ya Phoenix yenye dainamo ya kusugua tairi. Dainamo zile zilikuwa za volti 6 na wati 3, zikigawana taa ya mbele na taa ndogo nyekundu ya nyuma. Mwanga wake wa njano ulimjulisha mwenzako kuwa unakuja. Shimo ulilijua kwa kumbukumbu. Ukipunguza mwendo unafifia, ukisimama umezima. Na mzee alirudi nayo kutoka zamu ya usiku miaka nenda rudi, kwa hiyo alipoona bandeji kwenye kiwiko changu hakutoa pole. Aliuliza taa imenigharimu shilingi ngapi.

Taa niliipeleka kwa kijana mmoja fundi simu karibu na Soko la Kilombero. Nilitaka aangalie waya, maana nilikuwa na hakika ni waya. Alishika ile pakiti ya betri, akairusharusha mkononi kama mtu anayepima embe.

"Kaka, hii nyepesi."

"Nyepesi kivipi?"

Hakujibu. Alienda kwa jirani yake muuza viungo, akaiweka kwenye mizani ya kupimia iliki. Gramu 126. Akarudi na seli moja aliyoitoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, ile seli ya duara ambayo wao huiita kwa namba, 18650, kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ilisoma gramu 46. "Pakiti yako inasema ina nne za hivi. Nne ni zaidi ya gramu mia na themanini, hatujaweka waya wala plastiki. Zimeenda wapi?"

Akachana lile ganda la plastiki kwa wembe, taratibu, akaniambia kabisa nisijaribu nyumbani, kwa sababu ukizikutanisha plasi na mainasi kwa bahati mbaya zinawaka moto kweli. Seli zilikuwepo nne, za buluu, kila moja imeandikwa mAh 9,800, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutunza. Hapo ndipo alipocheka. Anasema tangu aanze kazi hajawahi kupima seli ya umbo lile ikavuka 3,500 na kidogo. Aliziacha kwenye chaja yake ya kupimia, nikarudi kesho yake baada ya kazi. Namba alikuwa ameziandika kwa kalamu kwenye kiganja: 740, 690, 755, na ya nne 410.

Tulikaa pale kwenye benchi tukapiga hesabu, yeye na kalamu, mimi na aibu. LED nzuri, ukishatoa mwanga na umeme unaopotea kwenye lenzi na kwenye saketi, inakupa kama lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 10,000 maana yake wati 100. Wazee wanaikumbuka balbu ya wati 100 ya zamani: huishiki kwa mkono ikiwa inawaka. Kichwa cha taa yangu kilikuwa kama ndimu kubwa, kingeyeyuka. Na hata kama seli zangu nne zingekuwa halali, za mAh 3,000 kila moja, zingebeba takriban wati-saa 44, yaani kuwasha wati 100 kwa chini ya nusu saa. Zangu kwa jumla hazikufika wati-saa 10. Taa yenyewe ilikuwa inakula wati kumi hivi, kwa hiyo ilikata dakika ya hamsini na kitu, hapo hapo hesabu inaposema ikate.

Na kwa nini haikufifia kwanza, nikapata onyo? Ndani ya pakiti kuna kibao kidogo cha ulinzi. Volti zikishuka mno kinakata umeme ili kuokoa seli, na hakijali wewe uko sebuleni au uko kwenye korongo.

Neno lingine lililokuwa kwenye lile boksi ni T6. Muuzaji alilitamka kwa heshima, kama mtu anayekutajia injini ya Scania. Baadaye nilikuja kujua kuwa T6 ni daraja tu la ung'avu ambalo kampuni ya Cree iliwapangia LED zake za XM-L: angalau lumeni 280 zikipewa ampea 0.7. Ukizisukuma hadi ampea 3 zinakupa kama 900, pengine elfu moja. Hiyo ni kama ni T6 ya kweli. Kwa hiyo hata muuzaji angekuwa mkweli wa kila kitu kingine, jina lile lile alilokuwa akinisifia lilishasema kuwa 10,000 haipo. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia na gunia lenyewe lilikuwa na maandishi.

Taa ya pili niliinunua mkononi kwa mgeni mmoja wa kujitolea aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Nzito, imara, lumeni 900 na zote zilikuwepo. Usiku wa kwanza nilijiona mfalme. Niliimulikia miti ya migrivea ya mwisho wa shamba, kama mita mia mbele, nikaona jani na jani. Wenzangu wakapiga mluzi.

Halafu tukaingia kwenye kona.

Tatizo la taa ile lilikuwa umbo la mwanga wake. Lumeni ni maji yote yaliyomo kwenye ndoo. Hazikwambii yamemwagwa wapi. Hii ilikuwa inayamwaga yote kwenye tundu moja, mbali, duara jeupe kali katikati na pembeni kiza. Ni taa ya kuendea barabarani au ya mlinzi wa geti. Kwenye kinjia cha migombani unahitaji uone mita mbili mbele ya tairi, na jiwe lililo kushoto, na tawi lililo usawa wa kichwa, yote kwa pamoja. Mbali sana huna kazi napo. Ukienda kilomita 25 kwa saa unamaliza mita saba kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka, na nyingine za kubana breki kwenye udongo unaoteleza, mita ishirini hadi thelathini zinakutosha. Mimi nilikuwa naona mia katika mstari ulionyooka, na njia zetu hazijui kunyooka.

Isitoshe ilikuwa kwenye usukani. Taa ya usukani inaangalia kule tairi linakoangalia. Kwenye kona kali macho yako yanatangulia kutafuta njia, lakini mwanga bado unamulika shina la mgomba lililo mbele yako, unageuza shingo na unatazama giza. Jumatano ile nilipita kona tatu kwa kukisia, ya nne nikateremka nikasukuma.

Kwa hiyo nikahamia kichwani. Nikafunga taa ndogo kwenye helmeti, ile ya usukani nikaiacha nyumbani, nikisema sasa ninapotazama ndipo panapowaka. Kona ziliisha kunisumbua. Kilichoanza kunisumbua ni ardhi, ikawa kama karatasi. Mzizi wa unene wa mkono unauona ukiwa umeshaupanda. Ilinichukua muda kuelewa, mpaka nilipojaribu uani: niliweka jiwe chini, nikalimulika kutoka kwenye paji la uso, halafu nikashusha taa hadi usawa wa kiuno. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, kivuli cha jiwe kinajificha nyuma ya jiwe, hukioni. Ukitoka chini, kivuli kinarefuka na kujitokeza, unajua hapa pana kitu, na kina kimo gani. Kumbe usiku macho yanapima mashimo kwa vivuli. Taa ya kichwani pekee inakunyima vivuli vyote.

Na vumbi. Sijui kama kuna mahali pengine penye vumbi kama la miteremko hii ya Meru mwezi wa tisa; ni udongo wa volkeno, laini kama unga wa sembe. Ukiwa wa tatu kwenye msururu na taa iko kichwani, vumbi la waliotangulia linapita mbele ya macho yako likiwa limewaka, unaendesha ndani ya ukuta mweupe. Ukungu wa Juni na Julai ni vilevile. Hapo unazima ya kichwani na kutegemea iliyo chini, haijalishi ina nguvu gani.

Jibu nililolikwepa kwa sababu ya ubahili likawa hilo: mbili. Ya usukani yenye mwanga wa kusambaa, ya helmeti yenye mwanga wa kuchoma kidogo mbele. Safari hii sikuangalia namba kubwa. Niliuliza inawaka muda gani kwa mwanga gani, na hata hapo kuna mtego. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi wa tochi, ANSI FL1, kinahesabu muda mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 3" inaweza kuwa saa moja ya taa na saa mbili za mshumaa, na hakuna aliyesema uongo.

Niliamua kupima mwenyewe. Nikaichaji ya usukani mpaka ikajaa, nikaielekeza kwenye ukuta wa chumbani, simu kwenye stuli, nikawa napiga picha kila dakika kumi bila kubadili mpangilio wa kamera. Mke wangu akaniuliza kama nimefungua studio. Dakika ya ishirini ukuta ukawa hafifu kabisa, nikajua nimeibiwa tena. Niligusa taa, ilikuwa moto kama sufuria ya chai. Nikachukua feni, nikaipuliza kwa nyuma, na ndani ya dakika chache mwanga ukapanda. Taa hizi nzuri zina kipimajoto ndani; zikichemka zinajipunguza zenyewe ili LED isiungue. Zimetengenezwa zipozwe na upepo wa mwendo. Nilirudia jaribio usiku uliofuata na feni ikiwa imewashwa tangu mwanzo: saa moja na dakika arobaini kabla ya kushuka, na kabla ya kushuka swichi ikabadilika ikawa nyekundu. Ile nyekundu kwangu ina thamani kuliko lumeni 500 za nyongeza. Tangu hapo, tukisimama kupumzika au kurekebisha cheni, naishusha daraja la chini.

Mambo mengine sikuyahangaikia sana. Mvua: daraja la kuzuia maji la IPX4 linatosha kwa manyunyu na michirizi, ila kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kikipotea, msimu mmoja wa masika unatosha kuoza pini. Rangi: mwanga wa buluu-buluu unaonekana mkali dukani, lakini kwenye udongo wetu mwekundu unachanganya mizizi na majani makavu, napenda ulioegemea njano kidogo. Uchaguzi wa betri ulikuwa na sababu ya kinyumbani: Jumatano mbili mfululizo nilirudi nikakuta umeme umekatika, kwa hiyo nikataka taa ya tundu la USB-C, niichaji hata kwa pawabenki nikiwa ofisini. Na seli kutoka kwa yule yule fundi, zilizopimwa mbele yangu.

Jambo ambalo hakuna boksi lililonifundisha nilifundishwa na mama mmoja karibu na Olmotonyi. Tulikuwa tunapanda polepole, yeye anashuka na dumu la maziwa mkononi. Nilipomwona nikafanya adabu niliyolelewa nayo, nikamgeukia nimwamkie.

"Shikamoo mama."

Akasimama, kanga usoni. "Marahaba. Mwanangu, geuza hiyo kitu yako, nitamwaga maziwa ya watu."

Taa ya helmeti inakwenda unakotazama, na mimi nilikuwa namtazama machoni. Nilizima haraka, nikaomba radhi, nikamuuliza kwa nini hatembei na tochi. Alisema njia ile anaipita tangu hajaolewa. "Mimi naona kuliko wewe. Wewe unaona hapo unapomulika tu."

Na ni kweli. Jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza kikamilifu, nami nilikuwa nimemwondolea nusu saa yake kwa salamu moja, kisha tukaendelea na safari huku yeye amebaki pale anapapasa njia kwa mguu. Siku hizi nikiona mtu mbele, mkono unakwenda kwenye helmeti kabla mdomo haujafunguka. Ya usukani naishusha chini kabisa, kisha ndiyo shikamoo. Punda na mbwa ni rahisi zaidi, macho yao yanakurudishia mwanga ukiwa mbali, vijani viwili viwili vinavyoning'inia gizani. Binadamu hana hayo. Binadamu wa njia za Ilboru usiku huvaa koti jeusi, na hana sababu ya kuvaa jingine kwa ajili yangu.

Kuna usiku vijana wa ulinzi shirikishi walitusimamisha, marungu mkononi, kwa sababu waliona taa nne kali zinateremka mlima bila mlio wa pikipiki na hawakulielewa jambo hilo. Tuliongea, tukacheka, mmoja akaomba ajaribu baiskeli. Tangu hapo tunapita mtaani kwao kwa mwanga mdogo na kengele.

Wanaoanza kuja nasi bado wananiuliza wanunue taa ya lumeni ngapi. Nawaambia elfu moja za kweli kwenye usukani zinamshusha mtu mlima wowote tunaoupanda. Mwenye elfu mbili haoni jiwe mara mbili, maana jicho halihesabu hivyo, kinachoongezeka maradufu ni njaa ya betri. Na waje na tochi ndogo ya mfukoni, ya shilingi elfu tano tu. Wiki iliyopita mmoja alikuja na boksi jipya, anang'aa uso kuliko taa. Nililigeuza nikasoma: lumeni 20,000. Sikusema kitu. Nilichukua pakiti ya betri, nikairusharusha mkononi, nikampa namba ya fundi wa Kilombero.

Ile yangu ya kwanza sikuitupa. Fundi aliivisha seli mbili za kompyuta mpakato, nikaining'iniza kwenye banda la kuku, juu ya mlango, ambapo kicheche alikuwa amepazoea. Kwa mita tatu za banda inamulika vizuri kabisa. Mzee alipokuja kututembelea aliitazama, akaisifu, na akauliza kwa nini sikununua hiyo tangu mwanzo.